UZI: Seli ya hamira ni kiumbe kamili, sasa inamng'ang'ania mwenzake kutafuta nini? Nimeanzia kwenye machicha ya ulanzi

#1 Mwalimu_Mafinga

Kamwene wakuu.

Juzi jioni mvua ilinikamata njiani hapa Mafinga, nikajibanza kwa mzee jirani. Akanimiminia kikombe cha ulanzi (pombe ya mianzi) wa siku ya pili, ule mkangafu wenyewe. Nilipokaribia kumaliza nikakuta chini kuna tabaka jeupe limetulia kama uji wa mtoto. Mzee akanizuia: "Hayo machicha mwalimu, yaache, yatakuchafua tumbo." Nikamwomba kijichupa, nikayabeba.

Kesho yake darasani tukaweka tone kwenye hadubini. Kioo chake cha chini kilishapasuka siku nyingi, tunamulika kwa tochi ya simu. Tukaona hamira: vidonge vya mviringo, vingine vina kichanga kimechomoza ubavuni. Seli nyingi ziko moja moja. Lakini hapa na pale kuna vishada, tatu, tano, saba zimeshikana, na hata nilipogonga kioo kwa kucha hazikuachana.

Binti mmoja wa kidato cha tatu akauliza: "Mwalimu, si ulisema seli moja ya hamira ni kiumbe kamili? Inakula, inatoa taka, inazaa. Sasa inamng'ang'ania mwenzake kutafuta nini?"

Wakuu, sikulala vizuri. Uhai hapa duniani una zaidi ya miaka bilioni 3.5, wanyama tumetokea kama miaka milioni 600 tu iliyopita. Viumbe wengi waliishi seli moja moja na mambo yakaenda, na hadi leo wengi wanaishi hivyo. Halafu kuna koo zaidi ya 25 ambazo kila moja kwa wakati wake, bila kuigana, zilihamia maisha ya kundi: wanyama, mimea, uyoga, mwani wa baharini, hata bakteria. Ingetokea mara moja ningesema bahati. Mara 25 kuna kitu kinasukuma.

Nimesoma kidogo, nitakuwa naweka nikipumua, nina rundo la mitihani ya kusahihisha. Karibuni.

#2 Siti_ya_Mbele

Nimeshakaa. Mwalimu tuletee na kikombe chenyewe, huku Uyole baridi inakata masikio.

#3 Mjasiriamali_Soko_Matola

Jibu fupi: umoja ni nguvu. Wasimamizi fungeni uzi, tukalale.

#4 Mwalimu_Mafinga

Mkuu, hilo ndilo jibu nililoanza nalo darasani, yule binti akalivunja mbele ya wenzake. Nguvu kwa nani? Ukikaa kwenye kundi wa katikati anakosa mwanga na chakula, mnachafua sehemu moja, na njaa ikiingia inawakuta wote. Seli haina kichwa cha kuwaza faida ya miaka milioni ijayo. Inatakiwa kundi lilipe leo hii, la sivyo aliye peke yake atazaa haraka zaidi na kundi litaishia hapo. Kwa hiyo mimi naliuliza hivi: siku ile aliyekaa peke yake alipatwa na nini?

Mara nyingi jibu ni kwamba aliliwa.

Watafiti watatu, Boraas, Seale na Boxhorn, walichapisha jambo hili mwaka 1998. Walikuwa na mwani wa seli moja uitwao Klorela, waliokuwa wameufuga kwenye chupa kwa maelfu ya vizazi, siku zote seli moja moja. Wakamwingizia adui, kijidudu chenye mkia kinachomeza seli nzima nzima. Mwani ulichinjwa vibaya. Kisha kabla ya vizazi 100 kwisha vikaanza kuonekana vishada. Vya mwanzo vilikuwa vikubwa ovyo, seli makumi kwa mamia, lakini baadaye mambo yakatulia kwenye seli nane kwa kila kishada.

Hapo kwenye nane ndipo nilipoweka kalamu chini. Kishada cha nane hakipiti kooni mwa yule adui, na bado kila seli imebaki na upande wake wa kupata mwanga na chakula. Kingekuwa cha mia, wa ndani wangekufa njaa wakiwa salama.

#5 Mvuvi_wa_Matema

Mwalimu nakusalimu kutoka Kyela. Hiyo ya kujikusanya usiliwe sikubaliani nayo moja kwa moja. Usipa nao wanatembea kwa kundi, maelfu kwa maelfu, na ndiyo maana tunawapata. Tunawasha taa usiku, wanakusanyika, unazungusha wavu. Wangekuwa wametawanyika mmoja mmoja Ziwa Nyasa lote nani angehangaika nao?

#6 Mwalimu_Mafinga

Umenikamata pazuri mkuu, ndaga fijo. Kundi linamkinga usipa dhidi ya samaki anayemchagua mmoja mmoja, halafu linamkabidhi mzima mzima kwa mwenye wavu. Ndiyo maana sitaki kusema kundi ni zuri. Linategemea mdomo uliopo majini siku hiyo.

Mwaka 2019 walijaribu tena na mwani mwingine, Klamidomonasi, wakamwekea Paramesiamu, kijidudu cha seli moja, amle. Makundi matano ya mwani, wiki 50. Ni mawili tu yaliyogeuka kuishi kwa vishada. Matatu yalivumilia vivyo hivyo. Adui yule yule, chupa za aina moja, na majibu hayakufanana.

#7 Daktari_wa_Mimea_Mbeya

Nachangia kama mtu niliyesoma haya mambo. Kuna jaribio maarufu la hamira, la kuzamisha. Mleta mada naona atalileta, basi nitangulie kuweka dosari yake. Hamira ni jamaa wa uyoga, na mababu zake walishawahi kuwa na miili ya seli nyingi. Ukimwona leo ameshikamana huenda amekumbuka njia ya zamani tu. Hiyo siyo kugundua kitu kipya.

#8 Mwalimu_Mafinga

Dosari nimeipokea, na ndiyo maana nilianza na mwani. Klamidomonasi hana babu wa seli nyingi anayejulikana, hana cha kukumbuka.

Lakini hilo jaribio acha nilisimulie, maana mzee wangu wa ulanzi angelielewa bila mkalimani. Lilitoka mwaka 2012. William Ratcliff, Michael Travisano na wenzao, Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani. Walichukua hamira ile ile inayojulikana kwa mkate na pombe, wakaiweka kwenye mirija 10 yenye chakula. Kila siku mrija unaachwa utulie dakika 45, wanachota tone la chini kabisa, wanalihamishia kwenye chakula kipya. Kinachoelea juu kinamwagwa. Yaani anayekunywa ulanzi na kutupa machicha amegeuzwa kichwa chini miguu juu: hawa walihifadhi machicha wakamwaga ulanzi.

Sheria ilikuwa hiyo moja, ukichelewa kuzama umekwenda. Kishada kinazama haraka kuliko seli moja. Siku ya 60 mirija yote 10 ilikuwa imetawaliwa na vishada vyenye matawi, mfano wa koliflawa ndogo sana.

Sasa angalieni jinsi vilivyoshikana. Hawakutafutana. Kawaida hamira akizaa, mtoto anachomoza ubavuni, anakua, kisha ukuta unaowaunganisha unakatwa na mtoto anaondoka. Kwa hawa jeni inayosimamia ukataji iliharibika. Mtoto akabaki amening'inia kwa mama, naye akazaa akiwa hapo hapo. Kumbe hatua ya kwanza kuelekea kwenye mwili inaweza kuwa kilema kidogo tu cha kushindwa kuachana. Nilipowaambia darasa, kijana mmoja akasema "kama kaka yangu, ana miaka 34 bado yuko kwa mama." Nikamtoa nje, halafu nikacheka mwenyewe.

Waliendelea nayo, siku 600, kama vizazi 3,000. Matokeo ya mwaka 2023: baadhi ya vishada vilikuwa vikubwa mara 20,000 kuliko vile vya mwanzo, zaidi ya seli laki nne katika bonge moja, unaliona kwa macho matupu. Seli zilirefuka, matawi yakafumana kama mizizi ya mianzi, na bonge likawa gumu kuvunja kwa kiwango cha mbao. Ila ni zile tu zilizokuwa zikiishi bila kutumia oksijeni. Zilizotegemea oksijeni zilibaki ndogo, maana hewa haipenyi mpaka ndani, ukinenepa unajinyima pumzi.

#9 Mama_Togwa_Iringa

Mwalimu shikamoo, mimi ni mpikaji, sijasoma hayo ya jeni. Nauliza la jikoni. Pombe ikiwa na chachu nzuri inashuka yenyewe mabonge mabonge, juu kunabaki kweupe. Chachu nyingine inakaa imetawanyika siku tatu, pombe chafu. Hiyo inayoshuka ndiyo hiyo ya mama na mtoto?

#10 Mwalimu_Mafinga

Marahaba mama, ingawa huenda mimi ndiye niliyepaswa kukuamkia.

Hapana, hiyo kwa kawaida ni nyingine, na umenisaidia kuileta. Kuna hamira zenye protini ya kunata juu ya ukuta wake. Zinazagaa, zinakutana, zinanatana, zinashuka. Hapo watu wa koo mbalimbali wanaweza kujikuta bonge moja. Ile ya mirija ni mama na uzao wake tu, ndani ya kishada wote wamefanana. Shikilieni tofauti hiyo, nitairudia.

Zikishashikana, hasa pombe inapokuwa kali, zilizo nje ya bonge zinaumia na zilizo ndani zinapona.

Na kuna la sukari, hili utalipenda. Sukari ya miwa hamira haiimezi ilivyo. Inatoa kimeng'enya nje ya mwili wake, kinaikata sukari vipande viwili, ndipo inameza. Lakini kwa kuwa kazi inafanyika nje, kati ya vipande 100 ilivyokata karibu 99 vinapeperuka vikaliwe na wengine. Ni kama kuwasha jiko la mkaa uwanjani Makete mwezi wa saba. Peke yako joto lote linakwenda na upepo. Mkikaa kumi mmelizunguka, la mmoja linamfikia mwenzake. Watafiti walipozipa hamira sukari kidogo sana, za moja moja zilishindwa kukua, zilizo kwenye vishada zikakua.

#11 Mhasibu_Mwanjelwa

Sasa hapo kwenye jiko ndipo penye mchezo. Mimi nimekuwa mhasibu wa kikundi cha kuweka na kukopa. Siku zote kuna anayekuja kuota moto na hajaleta hata kipande cha mkaa. Kwetu mmoja alikopa, akahamia Tunduma, namba haipatikani. Kikundi kikafa. Seli zinamzuiaje huyo?

#12 Siti_ya_Mbele

Tunduma tena jamani 😂😂 kila aliyekopa anaishia mpakani

#13 Mwalimu_Mafinga

Mhasibu, kwa maoni yangu hilo ndilo swali lenyewe. Kuungana ni rahisi, nimewaonyesha siku 60 zinatosha. Kazi ni kudumu.

Kuna amiba wa kwenye udongo wa msituni, Diktiostelia. Aina yake maarufu ilielezwa na Kenneth Raper kule Marekani miaka ya 1930. Chakula kikiwepo kila mmoja anatambaa kivyake akila bakteria. Njaa ikiingia wanaanza kutoa kemikali ya kuitana, wanatiririka kutoka pande zote mpaka wanaweza kufika laki moja, wanajikusanya kuwa kitu kama konokono asiye na gamba, urefu wa milimita chache, kinatambaa kuelekea kwenye mwanga. Kikifika, kinasimama. Karibu moja ya tano ya seli zinajigeuza kuwa bua na kufa zimesimama hivyo, zilizobaki zinapanda juu ya bua na kuwa spora, zikisubiri zibebwe zikaanze maisha.

Jiulize nani anakubali kuwa bua. Kama wote ni ndugu wa damu moja, haina neno, anayekufa anamwinua pacha wake. Lakini hawa wamekuja kutoka pande zote, wamo na wageni. Na kweli wamepatikana amiba wajanja ambao wakichanganywa na wengine wanajaza nafasi za juu na kuwaachia wenzao ubua. Ndiye mtu wako wa Tunduma.

Sasa hesabu miili mikubwa iliyofanikiwa: tembo, mkuyu, mpera, wewe. Hakuna hata mmoja aliyejengwa kwa mkutano wa seli zilizotoka huku na huku. Kila mmoja alianza na seli moja, ikagawanyika, wana wakabaki pamoja. Wewe una seli kama trilioni 30, zote uzao wa yai moja lililorutubishwa. Seli ya kisigino haina mpango wa kuzaa kisigino kingine, ila jeni zake zilizomo ndizo zilizomo kwenye yai. Na kila kizazi mnarudi tena kwenye seli moja. Mjanja akizuka katikati ya mwili, ujanja wake unaishia humo. Hata vile vishada vya koliflawa, tawi likikatika limetokana na seli moja iliyokuwa kwenye shina lake.

Kikundi chenu mhasibu kilikuwa cha amiba.

#14 Mkulima_Usangu

Nimecheka peke yangu hapa Ubaruku. Mwalimu, kwenye majaruba ya mpunga maji yakitulia kunatokea vitu vya kijani, vingine ni kama punje ndogo sana zinazunguka zenyewe. Ni hao?

#15 Mwalimu_Mafinga

Kama punje ni ya mviringo kabisa, inabingirika taratibu, na ukubwa wake haufiki kichwa cha pini, kuna uwezekano ni Volvoksi. Chota kwenye chupa nyeupe, isimamishe dirishani, nitumie picha. Nitakuwa mtu wa furaha sana.

Volvoksi ni binamu wa yule Klamidomonasi. Aina mojawapo ina seli ndogo kama 2,000 zimepangwa juu ya tufe la utelezi, kila moja na vijimkia viwili vya kupiga makasia, na ndani kuna seli kubwa kama 16 tu za kuzaa. Zile 2,000 hazizai. Zinaogelea, zinachoka, zinakufa.

Kwa nini wagawane kazi hivyo? Sababu yake ni ya kifundi, na mimi naipenda kwa hilo. Seli za ukoo huu zikianza kugawanyika haziwezi kuendelea na makasia kwa muda mrefu, kwa sababu mzizi wa kijimkia ndio huo huo unaohitajika kwenye kazi ya kugawanyika. Ukizaa unaacha kuogelea, ukiacha kuogelea unazama gizani. Seli moja ndogo inamaliza uzazi upesi, inapona. Tufe kubwa linalozaa wote kwa mpigo lingefika chini kwenye tope. Basi wengine wakabaki kwenye makasia moja kwa moja.

Na kuna jeni inayowazuia wale wa makasia wasizae. Ikiharibika, wanaacha kuogelea, wananenepa, wanaanza kuzaa.

#16 Tabibu_Tukuyu

Mwalimu hiyo sentensi ya mwisho, kazini kwangu tunaijua kwa jina jingine. Seli ya titi au ya tezi dume inayosahau kazi yake na kuanza kuzaa kwa faida yake ni saratani. Mgonjwa anauliza "nimekula nini?" na wewe unajua hadithi yake ni ndefu kuliko alichokula. Ni mjanja wa kale ndani ya kundi.

Nyongeza kidogo. Tembo ana seli nyingi kuliko sisi mara nyingi, ilitarajiwa saratani zimmalize. Hazimmalizi. Mwaka 2015 ilionekana kwamba ana nakala zipatazo 20 za jeni ya ulinzi inayoitwa p53, sisi tuna moja. Seli ya tembo ikiharibika inajiua upesi. Wale wa Ruaha mnaowapiga picha wanatembea na askari wa ziada.

#17 Mjasiriamali_Soko_Matola

Nafuta kauli yangu ya umoja ni nguvu. Endeleeni.

#18 Mtumishi_Njombe

Bwana asifiwe. Mimi naamini Mungu aliumba kila kiumbe kwa aina yake, hizi za seli kujigeuza sizipokei. Lakini uzi nimeusoma wote na nitasoma utakaofuata.

#19 Mwalimu_Mafinga

Amina mtumishi, karibu, kiti chako kipo. Mimi naandika kilichoonekana kwenye mirija, mengine tutazungumza tukikutana.

#20 Daktari_wa_Mimea_Mbeya

Niongeze moja kisha nitoke. Ndugu wa karibu zaidi wa wanyama kati ya viumbe wa seli moja ni hawa wenye kijimkia kimoja kilichozungushiwa kola. Nicole King na wenzake kule California walionyesha mwaka 2012 kwamba aina mojawapo inaunda kishada cha duara ikipata mafuta fulani yanayotolewa na bakteria. Bakteria huyo ni chakula chake. Kwa hiyo tusiwaze adui na njaa peke yake. Wakati mwingine harufu ya mlo ndiyo inayowakusanya.

Kuhusu kilema cha mama na mtoto nimeridhika nusu. Nusu nyingine tutabishana.

#21 Mwalimu_Mafinga

Mrejesho, wakuu, maana wengi mmeniuliza faragha kama tumejaribu shuleni.

Tulijaribu. Chupa nne za maji zilizooshwa kwa maji ya moto, sukari, hamira ya dukani. Hatuna dakika 45, kengele hairuhusu, tukatuliza dakika tano. Wanafunzi wanachota cha chini kwa bomba la sindano, wanahamisha. Yule binti ndiye mwenye daftari. Siku ya sita chupa moja ilioza ikanuka, tukaimwaga. Siku ya 11 tuliona, au tulitaka kuona, kwamba chupa ya pili inashuka upesi kuliko wenzake. Hadubini ilionyesha vishada vichache. Sitasema zaidi ya hapo.

Siku ya 14 tulikuta chupa zote tatu ni tupu, zimeoshwa vizuri na kupangwa dirishani. Mpishi wetu aliishiwa hamira, akaambiwa maabara ipo. Maandazi ya Ijumaa yaliumuka, na mimi nilikula matatu kabla sijajua.

Binti hakulia. Alitoa mfukoni kichupa cha dawa ya kikohozi, ndani kuna tone alilokuwa amebakiza kutoka chupa ya pili, "nilikuwa naogopa itaoza kama ile nyingine." Leo ni siku ya tatu tangu tuianze upya kutoka kwenye hilo tone. Chupa sasa inalala ofisini kwangu, na nimeiandikia SUMU.

#22 Mama_Togwa_Iringa

Mwalimu, hamira ya dukani mtachoka nayo. Wiki ijayo nakuja Mafinga mnadani, nitakuletea ya kwangu inayoshuka.